Mwalimu Aliyenusa Vitabu: Kumuaga Mwalimu Lameki Mtewele

Miaka ishirini na tisa na miezi minane ndiyo aliyotumika Mwalimu Lameki Mtewele katika shule yetu ya misheni hapa Makambako, tangu mwezi wa Aprili 1927 mpaka Ijumaa hii, tarehe 30 Novemba 1956. Leo anakabidhi funguo za kabati la vitabu na kurudi nyumbani kwake mtaa wa Ramadhani, pale Njombe. Mama Dorkasi, mkewe, amekwisha kumfumia sweta mbili. Nimehakikisha zimefungwa kwenye mzigo, maana kule baridi haina mzaha na Mwalimu kifua chake nakijua.

Kamati imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu, ukimwacha yeye, hakuna aliyekaa hapa kunizidi. Nimepika uji wa watoto na kushona vitabu vilivyochanika kwa miaka ishirini na miwili. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, basi mnivumilie. Nimeandika mara nne, na mara tatu nimechana.

Mwalimu alifika hapa kwa miguu kutoka Njombe, siku mbili njiani, viatu shingoni na sanduku kichwani. Viatu alivivaa alipoona paa la shule. Ndani ya sanduku mlikuwa na kitabu kimoja cha herufi na kimoja cha nyimbo, na watoto waliomngoja walikuwa arobaini. Akakiweka kitabu cha herufi chini, watoto wakakizunguka pande zote kama wanaota moto. Waliokaa upande wa juu walijifunza kusoma herufi zikiwa zimepinduka. Mmoja wao leo ni karani Njombe, na wenzake wanamwogopa, kwa kuwa barua iliyo mezani pa mtu anaisoma akiwa amesimama upande wa pili, hata hapindi shingo.

Kwa miaka hiyo yote Mwalimu amefundisha madarasa yote manne, ameanzisha kwaya, ameanzisha shamba la viazi, na amejenga kabati la vitabu kwa mbao za masanduku ya misumari. Mlango wake ulikaa kombo tangu siku ya kwanza. Fundi aliyekuja kuunyoosha alifukuzwa, maana Mwalimu alisema mlango unaolia unamwambia nani amekwenda kuchukua kitabu.

Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote ni kuwachagulia watoto vitabu. Siku zile sisi wengine tulidhani kitabu ni kitabu, kama vile chumvi ni chumvi. Yeye alivigawa kwa aina zake: hadithi za wanyama wanaosema, vitendawili, habari za safari na nchi za mbali, maisha ya watu, na vile vya kilimo na afya. Alisema darasa la kwanza wape kinachokwisha kwa pumzi moja. Darasa la pili wanataka kucheka. Darasa la tatu wameanza kuuliza, “Ni kweli au ni uongo?” na hao uwape safari. Wavulana wa darasa la nne watakuambia hadithi za mabinti wa wafalme ni za watoto wadogo, halafu utazikuta zimefichwa mashatini mwao.

Alijuaje kitabu kipi kinafaa? Alinusa! Jamani, nimemwona kwa macho yangu, mtu mzima mwenye miwani, kila Jumamosi ameingiza pua katikati ya kurasa. “Hiki kinanuka mahindi ya kuchoma,” atasema, “kimesomwa. Hiki kinanuka mafuta ya nguruwe, kimefika mpaka nyumbani kwa mtu. Na hiki, mh, hiki kinanuka kabati.” Kilichonuka kabati alikihamisha, akajaribu kingine. Kurasa zenye masizi ya vidole alizitazama kwa furaha, kama mkulima anayeangalia shamba lililoota vizuri.

Sasa nifike kwenye habari ya mwaka 1951, ambayo Mwalimu Kornelio, mwalimu wetu wa hesabu, amesema nisipoiandika ataisimulia yeye, na yeye anatia chumvi.

Mwanangu Noela alikuwa darasa la pili kwa mwaka wa pili. Hakusoma. Alijua herufi zote moja moja, ila ukizipanga pamoja alizitazama kama watu asiowajua. Mwalimu Kornelio, kwa nia njema, aliniambia jikoni, “Mama Noela, usijitese. Huyu mtoto ni wa jembe. Mrudishe nyumbani akusaidie.” Usingizi ulinipaa. Uji wa siku ile niliutia chumvi mara mbili.

Mwalimu Lameki akaja na kikombe chake, akaonja, akafunga macho. “Mama Noela, uji huu umeambiwa nini?” Nikamweleza nikilia. Akasema, “Huyo hajakutana na kitabu chake tu. Nipe mpaka mwezi wa Juni.” Akaanza kumjaribia Noela vitabu kama mganga anayejaribu dawa. Safari, hapana. Maisha ya watu, hapana kabisa. Ndipo akampa vitendawili, ambavyo majibu yake yako ukurasa wa mwisho, akamkatalia mtu yeyote kumtajia jibu. Siku ya tatu Noela alikuja jikoni mbio, akapiga kelele, “Mama, ni yai! Ni yai!” Alikuwa amelisoma mwenyewe. Neno lenye herufi tatu, lakini mimi nilikaa chini kwenye kuni.

Wiki mbili baadaye ikaja habari kwamba mkaguzi wa shule anakuja. Vitabu vya hadithi na vitendawili ni vichache wilayani, na kama havisomwi hapa vitahamishiwa shule nyingine, sisi tubaki na vya kilimo na afya peke yake. Mwalimu alimwandikia barua yenye mstari mmoja: “Karibu uvione mwenyewe, vitabu vyangu vitakujibu.”

Barua hiyo mimi sikuijua. Mimi nilijua mgeni anakuja. Na mwanamke aliyelelewa vizuri akisikia mgeni anakuja, hufanya nini? Jumamosi na Jumapili, Bwana anisamehe hiyo Jumapili, nilivitoa vitabu vyote kabatini. Nilifuta kila ukurasa kwa mkate mkavu mpaka masizi yakatoka. Nilibandika palipochanika kwa gundi ya ngano, nikavivika karatasi mpya za kaki, nikavifukiza majani ya mkaratusi ili visinuke. Vilipendeza! Nilivipanga, nikavipigia makofi.

Jumatatu asubuhi Mwalimu alifungua kabati, akachukua kitabu cha kwanza, akanusa. Akachukua cha pili. Akachukua cha kilimo. Akanigeukia, polepole.

“Mama Noela,” akasema, “mbona vyote vinanuka dawa ya kikohozi?”

Nilipomwambia, alikaa kwenye kiti cha mtoto. Ndipo akanieleza barua aliyoandika na ushahidi aliotaka kuuonyesha. Ushahidi wote nilikuwa nimeufuta mimi, mama wa mtoto ambaye ushahidi ule ungemwokoa. Nilidhani atanifokea, kwani haki alikuwa nayo. Yeye akaanza kucheka. Alicheka mpaka miwani ikaanguka, na mimi nikacheka huku nalia, na Mwalimu Kornelio akachungulia akidhani kuna msiba.

Mkaguzi alifika saa nne. Alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha vitabuni safi kuliko chetu. Alifungua vitabu, akaona weupe. “Mwalimu, vitabu hivi vimetunzwa vizuri sana,” akasema. “Ni dhahiri kwamba havijaguswa.”

Mwalimu hakunitaja. Ninaiandika hii kwa sababu watu wengi wangenitaja. Alisema tu, “Bwana Mkaguzi, naomba saa moja.” Akatandaza mikeka uwanjani, akatawanya vitabu vyote bila kuvipanga kwa aina. Wakati ule watoto walikuwa nyuma ya jiko langu wanachoma mahindi. Mimi nikashika kata ya maji ili wanawe, kama kila siku. Mwalimu akaniwahi: “Leo hapana!” Roho iliniuma, lakini niliiweka kata chini.

Wakaja na mikono yao myeusi, kila mtoto akavamia alichotaka. Mwalimu alisimama mikono nyuma, anatabasamu, anangoja Noela aende kwenye vitendawili. Noela akavipita! Akazipita na hadithi. Akachukua kitabu cha kilimo, kile ambacho Mwalimu mwenyewe kwa miaka mingi alikiita kitabu cha kulalia.

Mkaguzi akasema, “Unaona, Mwalimu?” Mimi nilishika aproni kwa meno.

Noela alikuwa ameona picha ya nguruwe ndani ya shamba la viazi. Akasoma kwa sauti, kidole juu ya mstari, kikiacha alama nyeusi: “Ngu-ru-we a-me-vu-nja u-a.” Akasimama. Akasoma tena upesi, akacheka. Akafunua ukurasa wa pili. Huko kitabu kilieleza namna ya kupanda viazi kwa mistari. Akafunua wa tatu, mbolea. Akainua uso, akamwuliza mkaguzi, si mwalimu wake, “Sasa nguruwe je? Alipigwa?”

Mkaguzi akasema hajui.

“Basi nitamtafuta,” akasema Noela, akakiacha, akachukua hadithi za wanyama. Wenzake nao wakasikia kuna nguruwe amepotea. Watoto thelathini wakaanza kufunua vitabu vyote, vya safari, vya afya, vya maisha ya watu, wanamtafuta nguruwe mmoja. Akapatikana nguruwe wa pili katika safari, wa tatu katika vitendawili. Wakagombana ni yule yule au ni ndugu zake, na kila mwenye hoja ilibidi asome mstari wake kwa sauti. Mkaguzi alipiga magoti mkekani, suruali yake ya kaki ikapata masizi, anamsaidia mtoto mmoja kutafuta. Saa moja ikawa mbili.

Alipoondoka, aliandika kwenye fomu kwamba aina zote zibaki, na akatuongezea vitabu ishirini vya hadithi. Mwalimu naye alikubali mbele yetu kwamba kitabu cha kilimo alikionea. Tangu siku hiyo hakupanga tena aina kwa rafu zake. Kitabu cha kilimo kilikaa ubavuni mwa hadithi za wanyama, safari ubavuni mwa afya, ili mtoto akikosa kitu hapa akifuate pale. Mpango huo shule nyingine nne za jirani zimeuchukua, na walimu wao wako hapa leo. Mimi nami nilipata amri mpya: nishone, nibandike, lakini mkate nile.

Mwalimu, tunakushukuru kwa subira yako, kwa kicheko chako, na kwa kutokata tamaa juu ya mtoto yeyote aliyewahi kukaa mbele yako. Kwaya inakushukuru, shamba la viazi linakushukuru, hata Mwalimu Kornelio, aliyeniomba niandike kwamba mwaka ule alikosea na anafurahi alikosea.

Wasifu huu nimeuandika kwa mkono wangu, lakini mbele ya watu wengi hivi ulimi wangu ungekwama. Ndiyo maana niliomba ruhusa katika shule ya kati kule Njombe, na jana jioni lori lilimshusha hapa msichana wa darasa la saba. Huyu anayekusomea maneno haya tangu mwanzo, Mwalimu, bila kuweka kidole juu ya mstari, ndiye mtoto wa jembe.

Kwa salamu ya kwetu, kamwene, Mwalimu wetu. Nenda salama Ramadhani, Mungu akupe siku nyingi, kifua kikavu na wajukuu wasumbufu. Na wewe Noela, mwanangu, usiruke mstari huu wa mwisho kwa sababu ya machozi, usome mpaka nukta: asante, Mwalimu.