Siku Nilipoambiwa Nisome Tangazo Langu Mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa! Asifiwe tena! Mimi ni dada yenu Felista, yule wa duka la vitabu hapa Lindi mjini. Leo sitanyamaza.

Ndugu zangu, Mungu alinijalia maduka matatu: la hapa, la Mchinga na la Mtama, ambalo mdogo wangu Salome analisimamia. Shule zikifunguliwa, watu walipanga foleni hadi nje. Nikajivuna. Nilidhani ni mikono yangu.

Kisha vitabu vikaingia kwenye simu. Mtu anakuja, anashika kitabu, anapiga picha jalada, anaondoka akakitafute mtandaoni. Duka la Mchinga nikalifunga. La Mtama likabaki na vumbi, nami nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia Salome arudi nyumbani kulima.

Nikawa mchungu, wapendwa! Niliimba kwaya hapa mbele yenu huku moyo umejaa chuki. Nikabandika tangazo dukani, kwa herufi nyekundu: MARUFUKU KUSOMA KWENYE SIMU HUMU NDANI.

Asubuhi moja akaingia Bi Zuhura, mwalimu mstaafu, mteja wangu wa miaka mingi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaketi kwenye benchi. Akatoa mkobani kishikwambi alicholetewa na binti yake, akaanza kusoma. Damu ikanichemka! Nikamwonyesha lile tangazo kwa kidole.

Akalikodolea macho, akatabasamu. "Silioni, mwanangu. Hebu nisomee."

Ndugu zangu, nililisoma, neno kwa neno.

Hakukasirika. "Felista," akasema, "macho yangu yaligoma zamani. Vitabu ninavyonunua kwako navipanga kabatini tu. Nilinunua tu kwa kuogopa usije ukafunga duka." Kisha akanigeuzia kile kishikwambi. Herufi zilikuwa kubwa kama korosho. "Humu nasoma mwenyewe, alhamdulillahi. Mbona wewe huuzi hivi?"

Alipoondoka nilifunga mlango, nikapiga magoti katikati ya makabati. Nililia! Nilikuwa nimemwomba Mungu aziondoe hizo simu, kumbe alikuwa ananitumia jibu na mimi nalifukuza. Nikasema, "Baba, nisamehe. Nifundishe upya kazi hii." Nikainuka mwepesi, nikalibandua lile tangazo. Ndipo nikampigia Salome, nikamweleza yote, hata yale niliyokuwa nimepanga juu yake.

Akanijibu, "Dada, mimi hapa siondoki. Nenda Dar ukaongee na wachapishaji."

Nikaenda. Wa kwanza hakunipokea. Wa pili alicheka: vitabu vya simu vitauzwaje dukani, tena Lindi? Wa tatu, Mungu ambariki, alinisikiliza. Tukakubaliana aniuzie kadi zenye namba. Mteja anakwangua kama vocha, tunamsaidia kuingiza namba, na kitabu halali kinashuka kwenye simu yake. Asiyejua anafundishwa palepale, bila kuchekwa.

Bi Zuhura alikuwa wa kwanza. Akaja na wenzake wawili wenye miwani mizito! Mtama nako, walimu wakaanza kumjia Salome. Na jambo ambalo sikulitegemea: wengine wakishasoma kwenye simu na kukipenda kitabu, wanarudi kununua cha karatasi wawape watoto wao. Mchinga bado tumefunga, siwadanganyi. Lakini maduka mawili yanapumua, na mdogo wangu yuko kazini.

Jana nilimwambia Bi Zuhura kwamba nitamtaja kanisani. Akacheka, "Wasalimie sana. Waambie na mimi nakuombea." Basi mmesalimiwa!

Namshukuru Mungu aliyeniponya uchungu kabla hajaniponyea biashara. Wewe uliyekaa hapo na kazi yako inakufia mikononi, usione haya. Mwamini yeye! Njoo hapa mbele, nishike mkono, tuombe pamoja sasa hivi. Amina!