Absalom Oketch na Nguo ya Kuingilia Kichwani

Wazee wetu, watumishi wa Mungu, majirani wa hapa Pap Onditi, wafanyakazi wenzake wa forodha, na ninyi wakwe zetu mliotoka Kisumu mkapita kwenye matope haya yote ili mfike, nawasalimu kwa unyenyekevu kwa niaba ya jamii, mimi Dorca, dada mkubwa wa marehemu. Nimefundisha shule ya msingi kule Kisian miaka mingi, kwa hiyo sauti yangu itafika hadi nyuma ya turubai, na masikio yangu pia yanafika huko.

Najua mnachonong'ona. Mmepita mbele ya jeneza asubuhi hii, mkamwona ndugu yangu hana suti wala tai, amevaa nguo ya pamba iliyofumwa, rangi ya samawati, nanyi mnasema mkewe amemvika fulana, eti mtu mzima aliyeitumikia serikali anaingia kaburini na nguo ya ndani, na wengine mmeongeza kwamba mwanamke wa kutoka mbali angejuaje heshima ya boma letu. Suti ipo, imepigwa pasi, imetundikwa pale ndani ya nyumba, na kuna watu wamenijia wakiuliza kama bado tuna nafasi ya kumbadilisha kabla kifuniko hakijapigiliwa misumari. Nimewaomba wangoje nisome. Nikimaliza, anayetaka suti atakwenda kuitoa yeye mwenyewe, aje nayo hapa mbele, mbele ya wifi yangu, atuambie.

Absalom Oketch alizaliwa tarehe 9 Machi 1952, hapa hapa Pap Onditi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Ogola na mama yetu Rosa. Wengi wenu mnamkumbuka mama kwa sweta za shule, kwa sababu alikuwa akizifuma kwa mkono na kuwauzia wazazi siku ya soko, na sisi watoto wake tulikuwa tukipokezana kushika uzi asokote bonge, ila mimi nilikuwa natoroka, Absalom hatoroki. Alikaa pale miguuni akitazama sindano zikienda na kurudi, akajua kabla hajajua kusoma kwamba nguo iliyofumwa namna hiyo ni vitanzi vilivyoshikana, kitanzi kimoja kikikatika vingine vinakifuata, na ukiivuta inakubali, ukiiachilia inarudi. Aliharibu sweta kadhaa akiyachunguza haya, na alichapwa ipasavyo.

Alisoma shule ya msingi hapa Pap Onditi kuanzia mwaka wa 1960 hadi 1966, akaendelea na masomo ya upili mjini Kisumu, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 1970, na tarehe 3 Aprili 1972 akaajiriwa katika idara ya forodha, akapelekwa Mombasa kufunzwa kazi, kisha akawekwa mpakani Busia, na mwaka wa 1980 akaletwa Kisumu, ambako alifanya kazi hadi ugonjwa ulipomshika. Huko alipewa meza ya nguo. Watu hudhani afisa wa forodha kazi yake ni kugonga mhuri, lakini yeye kazi yake ilikuwa kuipa kila nguo inayoingia nchini jina lake la haki, kwa sababu katika kitabu cha ushuru kila jina lina kiwango chake, na mtu akilikosea jina, ama anaiibia serikali, ama serikali inamwibia yeye.

Na kazi hiyo haikumtoka hata akiwa nyumbani. Nani hapa hajawahi kushikwa mkono na Absalom, arusini au kanisani, akageuziwa pindo la nguo, ikavutwa huku na huku kidogo, akaambiwa ni ya kufumwa au si ya kufumwa? Mchungaji wetu alifanyiwa hivyo akiwa katikati ya kumpa mkono wa Krismasi. Nilimkemea, akaniambia ameshindwa kujizuia.

Sasa tufike mwezi wa Agosti, mwaka wa 1986. Ilifika Kisumu kwa gari moshi kutoka Mombasa shehena ya nguo za juu za pamba, za kufumwa, mali ya duka la Bwana Bildad Mathenge, mtu wa kabila jingine aliyehamia Kisumu, ambaye yuko hapa nasi, na aliyezishughulikia karatasi ni binti yake Gakenia, maana duka lilikuwa limeshakuwa mikononi mwake. Kwenye karatasi zote ameandika fulana. Absalom akafungua katoni, akatoa nguo moja ya samawati, akaona ina kola, na kifuani ina mpasuko mfupi wenye vifungo vitatu, akatikisa kichwa. Maana kwa forodha, nguo ya namna hiyo ikiwa haina kola wala vifungo, na pindo lake la chini halikazwi kwa kamba wala kwa mpira, hiyo ni fulana, lakini ikiwa na kola na mpasuko wenye vifungo kifuani, basi ni shati, hata kama mpasuko wenyewe unaishia katikati ya kifua, na ushuru wake ni mwingine.

Gakenia akaitwa. Mwajua jinsi sisi watu wa Kisumu tunavyosema, na yeye dukani alikuwa akisema vivyo hivyo, kwamba shati ni ile inayofunguka mbele yote ukaivaa kama koti, na kila kinachoingilia kichwani ni fulana, hapana mjadala. Akasimama mbele ya meza ile akamweleza afisa wa serikali kwa utaratibu kama anayemweleza mtoto, na Absalom naye akamwonyesha kola, akamwonyesha vifungo, akamwambia, dada, hii ni shati. Gakenia akauliza ni shati gani hilo la kuingilia kichwani. Ofisi nzima ilikuwa imeacha kazi inasikiliza, Mama Nabwire aliyekuwa meza ya pili ameketi pale, atawathibitishia.

Jambo lenyewe halikuwa mchezo, kwa maana mali iliyopewa jina la uongo hushikwa, na duka lile lilikuwa limeweka kila kitu ndani ya shehena hiyo. Wako waliomshauri Absalom aishike, amalize. Yeye akatazama, akaona kwamba mtu anayetaka kudanganya huficha kola ndani ya katoni, haiweki kola juu ikiangalia kifuniko, akamwandikia mkubwa wake kwamba mama huyu hakuficha kitu, amekosea neno tu, tena neno ambalo mji mzima unalikosea. Karatasi zikarekebishwa, nguo zikaitwa mashati, zikatozwa ushuru wa mashati, zikatoka.

Wiki hiyo hiyo Gakenia akarudi ofisini na ile nguo ya samawati imefungwa vizuri kwenye karatasi, ahsante yake. Ndugu yangu hakuipokea. Alimwambia maneno ambayo wifi amenisimulia mara nyingi, akiyacheka na akiyalilia, "Nikiipokea hii, kesho nitaita kila kitu fulana." Gakenia akaondoka amenuna. Basi Jumamosi Absalom akavaa viatu vyake vilivyong'aa, akaenda dukani kwa Bwana Mathenge, akapanga foleni nyuma ya akina mama kama mteja mwingine yeyote, akainunua ile ile kwa bei ya kila mtu. Gakenia akamkabidhi akasema, haya, fulana yako. Absalom akasema, shati. Na hapo ndipo mchumba alipopatikana, sisi wengine tukisubiri barua za posa.

Walifunga ndoa tarehe 17 Desemba 1988, kanisani mjini Kisumu, na sitaficha kwamba pande zote mbili zilikuwa na wasiwasi, huku wakiuliza ataongea lugha gani na mama mkwe, na kule wakiuliza wajukuu watakuwa wa nani. Mama yetu Rosa alilimaliza jambo hilo kwa kumketisha Gakenia miguuni pake na kumpa uzi ashike. Mungu aliwajalia watoto wawili, Awuor aliyezaliwa tarehe 2 Oktoba 1989, na Mathenge aliyezaliwa tarehe 21 Juni 1993, aliyepewa jina la babu yake huyu hapa. Mwaka wa 1991 walijenga nyumba hii mnayoiona. Mwaka wa 1992, siasa ilipochacha na majirani wakaanza kuulizana ametoka wapi nani, Absalom alikuwa akitoka kazini anakwenda moja kwa moja dukani, anaketi kwenye kiti mlangoni mpaka mkewe afunge, amevaa ile nguo ya samawati. Kila mtu alielewa kwamba atakayemgusa Gakenia atapitia kwake.

Na hiyo nguo, wapendwa, ilikuwa ndiyo utani wa nyumba. Gakenia akianua nguo atasema, Baba Awuor, fulana yako imekauka, naye ndani atajibu, shati. Watoto walikua wakidhani nguo hiyo ina majina mawili. Wageni walipigishwa kura. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwachia mwenzake.

Mwezi wa Novemba 1997, mvua zile kubwa zikinyesha, Absalom alianza kulalamika uchungu ubavuni, akatibiwa akapata nafuu, na Januari akalazwa hospitali ya mkoa kule Kisumu, ile tunayoiita Russia, ambapo madaktari walitueleza kwamba ini lake lilikuwa limeshambuliwa na saratani. Alikonda mikono na uso, lakini tumbo lilijaa maji, likavimba, likauma, hata shati la kawaida halikufungika, mkanda ulimuumiza, na koti la suti lilimkataa kabisa. Nguo pekee iliyomkubali ni ile ya pamba ya kufumwa. Ilinyooka naye tumbo lilipojaa, madaktari walipotoa maji ikarudi naye, haikumbana wala kumkwaruza, na Gakenia alikuwa akiifua asubuhi, akiikausha kwa pasi, akimvika tena kabla hajaanza kusikia baridi. Kola ilipochakaa aliigeuza akaishona upya. Nililia sana nilipomwona akiishona, ninasema wazi.

Mwezi wa Aprili nilikuwa nimeketi kitandani kwake, Gakenia upande wa pili, naye akamwambia mkewe kwamba siku yake ikifika asimtese na suti, amvike ile. Gakenia akamtazama, machozi yanamtoka, akamuuliza, "Fulana?" Ndugu yangu akacheka, jamani, alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, na alipopata pumzi akasema, "Shati." Gakenia akamfuta jasho. Hakukubali. Absalom aliaga dunia Jumanne, tarehe 12 Mei 1998, alasiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, na mpaka hapo mkewe alikuwa bado hajakubali.

Jana alasiri mwili ulipofika nyumbani, baba zetu wadogo walifungua jeneza, wakaona. Baba mdogo Obiero, ambaye ndiye mkubwa wa boma sasa, alisema mtoto wa ndugu yake hatazikwa na fulana, leteni suti. Suti ikaletwa. Sisi sote tukainamisha macho, kwa sababu mzee akisema, amesema. Gakenia alikuwa ameketi mkekani, akainuka, akaenda mpaka kwenye jeneza, akainyoosha ile kola kwa vidole viwili, akasema, "Si fulana, baba. Ni shati."

Miaka kumi na zaidi tulimngoja aseme hivyo. Na aliyekuwa akimbembeleza aseme hakuwa tena na masikio ya kusikia.

Baba Obiero akalisogelea jeneza. Aliinama, na mwajua magoti yake yalivyo, akaishika kola, akavigusa vifungo kimoja kimoja mpaka cha mwisho, akaligeuza pindo la chini akatazama kama lina kamba, kama vile Absalom mwenyewe alivyokuwa akizifanyia nguo zetu sote. Kisha akasema, basi ni shati, suti irudi ndani. Hayo ndiyo yaliyotokea, na ndiyo maana nimewaomba mngoje nisome. Kama kuna anayekwenda kuitoa suti, njia hiyo hapo.

Naona mmekaa. Asanteni. Suti tutamhifadhia mwanawe Mathenge.

Jamii ya Mzee Ogola inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtoa maji yale kwa mikono ya huruma, inamshukuru jirani yao wa Kisumu, Mama Kageha, aliyewapikia watoto miezi yote hiyo na kuwapeleka shule, inawashukuru wafanyakazi wenzake wa forodha wakiongozwa na Mama Nabwire, waliokuwa wakimletea vipande vya nguo hospitalini ili awaambie ni vya namna gani, na Mungu awabariki, maana siku hizo alikula. Tunamshukuru Bwana Bildad Mathenge kwa kutupa binti. Na wewe wifi yangu, Mama Awuor, boma hili ni lako, na mtu akiuliza tena umetoka wapi, mwambie aje kwangu.

Ndugu yangu Absalom, mkeo amesema. Tumesikia sote, na mzee wa boma amekagua. Kola yako imenyooka, vifungo vyote vitatu vimefungwa, pumzika kwa amani ndani ya shati lako.