Mto wa Kochi

Fundi jenereta alikaa ndani ya basi la jioni, amekumbatia mto wa kochi kama mtoto mwenye homa. Dobi aliyekaa pembeni yake akaziba pua. "Baba, hiyo dizeli yote unaipeleka wapi?"

"Ni huu mto, dada. Naupeleka kwa fundi makochi autie sponji mpya. Mke wangu kasema nisikalie kochi lake mpaka harufu iishe. Mpira naangalia nimekaa kwenye ndoo."

Dobi akacheka hadi kondakta akageuka. "Umejaribu magadi? Unanyunyiza, unaulaza nayo, asubuhi unakung'uta, unapitisha siki, unauanika penye upepo."

"Yote nimefanya. Asubuhi hauna harufu. Jioni nikitoka kazini, dizeli ile ile. Huu mto una jini."

Dobi akauchukua, akaunusa, kisha akamnusa fundi begani na kurudi nyuma haraka. "Ukifika nyumbani na hilo ovaroli unakaa wapi?"

"Kwenye ndoo. Kochi nakalia kidogo tu, nikivua viatu."

"Si umekatazwa?"

"Kuvua viatu si kukaa, dada." Hapo fundi alijiona ameshinda kesi.

"Basi ovaroli livulie mlangoni."

"Majirani wanione na chupi?"

Walibishana hivyo mpaka basi likasimama mbele ya karakana ya makochi. Kondakta akaita mara mbili. Fundi hakunyanyuka. Alikuwa ameupokea mto wake kwa ncha za vidole, ameushika mbali na ovaroli lake.