Jina Lisilokuwa Kwenye Kadi ya Bendi

Alhamisi ile asubuhi, waliokuwepo kijiweni, katika soko la Kwa Vonza, ni hawa. Khalid Adan, mwenye birika la kahawa na mwenye benchi lenyewe, ambaye wateja humwita Sukari Kando kwa sababu hatii sukari katika kikombe cha mtu hata akisihiwa. Syokau Kathini, muuza ndengu na mtama, aitwaye Mwaitu Gunia, yaani Mama Gunia. Mulei Nzioka, fundi wa redio, aitwaye Waya. Na Nzomo Ndambuki, aliyekuwa karani wa kuandikisha vizazi na vifo mpaka alipostaafu, na ambaye kila mtu sokoni humwita Karani. Mtu wao wa tano, Mwau, hakuwepo. Nafasi yake, ile ya mwisho karibu na ukuta, hakuna aliyeikalia, na Khalid alikuwa ameweka juu yake sahani ya kashata.

— Haya, Waya, alisema Syokau. Toa habari. Hii ya Jumapili ni bendi ya ngapi?

— Ya tano, Mwaitu. Inaitwa Mende Watatu.

— Wako watatu?

— Wanne.

Nzomo aliweka kikombe chini. Mambo kama haya yalimwasha mwilini kama upupu.

— Kama ni wanne, kwa nini wanajiita watatu?

— Nimewauliza, Karani. Wanasema walianza watatu. Huyo wa nne alikuja jina likiwa limeshapakwa rangi kwenye ngoma.

— Rangi si hupakwa tena?

— Hiyo hawakunijibu. Walikuwa wanafunga nyaya.

Habari hizi za bendi zilikuwa na miezi mitatu kijiweni. Mulei alikuwa ameenda Nairobi kutafuta vipuri, na alipokuwa akipita nyuma ya maghala ya eneo la viwanda Jumapili alasiri, akasikia amplifaya ikilia vibaya. Fundi hawezi kupita kitu kinacholia hivyo. Aliingia ndani, akakuta vijana wanne wamekata tamaa, akatoa kichomeleo mfukoni na kuunga waya uliokatika. Ile bendi, iliyoitwa Bati Moto, ilimpa kiti mbele akae asikilize. Alirudi Kwa Vonza akiwa na mvumo masikioni na habari ambazo hakujua azianzie wapi.

Aliyemsaidia kuzianza ni Mwau. Mwau alikuwa fundi wa kujenga matangi ya maji, mtu wa nusu kikombe na maswali mazima. Mpiga gitaa anatazama wapi? Anatazama miguu yake, alisema Mulei, kwa sababu chini pana visanduku vya kukanyaga. Kimoja kikikanyagwa gitaa linanguruma kama posho mili ya kusaga unga, kingine kikikanyagwa linasikika kama mtu anayeongea ndani ya tangi tupu. Mwau alikaa akifikiri, kisha akauliza: na akikanyaga viwili pamoja? Mulei hakujua. Ndiyo maana alirudi Jumapili iliyofuata. Mwau akauliza kama bendi zote zina visanduku hivyo, na Mulei akaenda kutazama bendi ya pili, kisha ya tatu. Nauli ilikuwa ya Mulei, lakini safari, ukitaka kusema kweli, zilikuwa za Mwau.

— Mimi nisichoelewa, alisema Khalid akimimina, ni hao watu wanaokuja kutazama. Ati wanasimama?

— Wanasimama. Masaa mawili. Mikono imekunjwa.

— Hawachezi?

— Kichwa kinaenda hivi kidogo.

— Hao ni wafiwa, alisema Khalid. Nakwambia. Mtu anayelipa aingie ngomani halafu asicheze, huyo ana msiba nyumbani.

— Wafiwa mia mbili kila Jumapili? aliuliza Syokau. Wacha, Sukari Kando. Hiyo ni dini. Waya, si ulisema hakuna bango? Ati mahali panatumwa kwa simu siku hiyo hiyo?

— Ndiyo. Saa sita mchana ndipo unajua ni ghala gani.

— Basi ni dini. Sisi tukianza kanisa letu kule Mbooni, kabla ya kupewa kiwanja, tulikuwa tunaambiana vivyo hivyo. Leo kwa fulani, kesho kwa fulani. Na hawa vijana hawana askofu. Si ulisema wanaitwaje, hao wote kwa jumla?

— Indi. Roki ya indi. Maana yake hawana kampuni. Hakuna bosi. Wanarekodi wenyewe, wanabeba spika wenyewe.

— Ndiyo hivyo. Kanisa bila askofu.

— Mwaitu, usiniharibie kahawa, alisema Khalid. Mimi nimefikiri tena. Sauti kubwa namna ile, kazi yake ni ndege.

— Ndege gani?

— Hawa wa mtama! Serikali inajaribu sauti kwanza mjini, mahali hakuna mtama, ione kama watu watavumilia. Wakivumilia, inaletwa shambani kufukuza ndege. Ndiyo maana hao watazamaji hawachezi. Wanapimwa.

Mulei alicheka mpaka akamwagikiwa na kahawa gotini. Hata Nzomo alitabasamu kidogo, kisha akatazama sahani ya kashata na tabasamu likaisha.

— Mwau angeuliza wanapimwa na nani, alisema Syokau.

Ilikuwa siku ya nane Mwau hajaonekana, na kila mmoja benchini aliamini kwamba anajua sababu.

Sababu ilikuwa kadi. Zamani, wote hawa walikuwa watu wa salamu za redio. Walinunua kadi, wakaandika majina ya ndugu na marafiki, wakaituma, kisha wakatega masikio jioni mtangazaji ayasome. Mwezi uliopita Syokau alitoa wazo kwamba bendi ya Bati Moto nayo itumiwe kadi. Ilikuwa mzaha, lakini Nzomo hakujua kuandika kadi kwa mzaha. Alichukua karatasi nzuri, akaandika kwa herufi zilizosimama wima: Sisi tuliopo hapa Kwa Vonza leo, tunawasalimu. Kisha majina, kila mtu na jina lake la kwanza na la pili. Khalid Adan. Syokau Kathini. Mulei Nzioka. Nzomo Ndambuki. Siku hiyo Mwau alikuwa ameenda Mbumbuni kwa binti yake. Khalid alisema mwandike Mwau. Nzomo akasema kadi inataja waliopo, na Mwau hayupo.

Mulei alipeleka kadi. Bendi iliisoma jukwaani, na watu wakapiga makofi. Jumapili iliyofuata waliisoma tena, gitaa likipigwa chini yake polepole, na Jumapili ya tatu haikusomwa, iliimbwa. Mulei aliirekodi kwenye simu, akaileta kijiweni, na Mwau alikuwepo. Wote wanne walipiga kelele kila jina lilipopita. Mwau alisikiliza mpaka mwisho. Alisema, "Nzuri," akamaliza nusu kikombe chake, akaondoka. Hakuonekana tena.

— Nilimpigia Jumatatu, alisema Mulei. Hapatikani.

— Amezima, alisema Khalid. Amenuna, na ana haki. Yeye ndiye mwenye hizi bendi. Wewe Waya ulikuwa miguu tu.

— Ana haki ya kununa, alisema Nzomo. Lakini hakuwepo.

— Karani!

— Hakuwepo, Khalid. Nilisema waliopo. Nikimwandika mtu mahali ambapo hakuwa, hayo maandishi ni ya nini?

— Ni ya salamu! alisema Syokau. Si cheti cha kuzaliwa. Kwani kuna mtu atakuja kukushtaki? Mzee mzima kama wewe. Namba ya binti yake ninayo, huyo Mutindi, mimi humwuzia ndengu. Nimekaa nayo siku nane nikingoja wewe uniambie, "Mwaitu, piga, nataka kusema pole." Hujasema.

Nzomo aligeuza kikombe mkononi. Alikuwa ameamka siku zote hizo nane akiwa na sentensi moja tayari ya kumwambia Mwau, na kila siku aliona ni haki Mwau aje aketi kwanza ndipo aisikie. Na sasa palikuwa na jambo jingine. Mulei alikuwa amesema kwamba bendi inarekodi wimbo huo kesho, Ijumaa. Ukisharekodiwa, majina manne yatabaki manne.

Bodaboda ilisimama mbele ya kijiwe. Aliteremka msichana mwenye nywele fupi na viatu vizito, akalipa, akatazama benchi kama mtu anayehesabu.

— Waya, alisema. Si ndio nyinyi wa kadi?

— Huyu ndiye Nthenya! Mulei aliruka akasimama. Huyu ndiye mwimbaji! Huyu ndiye wa Bati Moto!

— Shikamooni.

— Marahaba, mwanangu, kaa, alisema Khalid, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akauliza: Nikutilie sukari?

Nthenya aliketi kwenye kigoda. Alieleza kwamba amekuja kuyasikia majina kutoka kwa wenyewe. Wazazi wake ni wa Makueni, alisema, lakini yeye amezaliwa Nairobi, na Kikamba chake kimepinda. Hakutaka kurekodi majina ya watu kwa sauti isiyo yao.

— Umetoka Nairobi kwa ajili hiyo tu? aliuliza Nzomo.

— Ndiyo, Mzee. Kuimba jina la mtu vibaya mara moja, sawa. Lakini kwenye rekodi litarudiwa kila siku.

Nzomo alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. Akamwambia majina, moja moja, taratibu, na Nthenya akayarudia mpaka Syokau akapiga kofi la paja na kusema sasa umekuwa wetu. Khalid alitaka kujua kama wanalipwa na serikali kwa ajili ya ndege. Syokau alitaka kujua kama kuna maombi mwishoni. Nthenya alicheka akasema hapana kwa yote mawili.

— Basi kwa nini hawachezi? aliuliza Syokau. Tuambie wewe mwenyewe.

— Hata mimi sijui, Mama. Mimi nikienda kutazama bendi nyingine, nasimama hivyo hivyo. Naogopa nikitikisika, kitu kitamwagika.

Mulei alisema kwa sauti ya chini kwamba hilo Mwau angelipenda.

Ndipo Nzomo akakohoa.

— Binti. Ile kadi ina upungufu. Nataka kuongeza jina.

Syokau alimgeukia. Khalid aliacha kumimina. Nthenya alifungua daftari lake.

— Kuna nafasi? aliuliza Nzomo.

— Nafasi tutatengeneza, Mzee. Gitaa litaongeza mzunguko mmoja.

— Andika pia kwamba siku ile hakuwepo, lakini sisi tulimhesabu. Hapana. Usiandike hivyo. Andika jina tu, pamoja na wengine. Mwau.

Nthenya aliandika. Kisha akainua macho, kalamu ikingoja.

— Mwau nani?

Nzomo alimtazama Khalid, na Khalid akamtazama Mulei.

— Mwau, alisema Mulei. Sisi humwita Mwau tu.

— Kwenye matangi yake huandika Mwau Fundi, alisema Khalid. Na mwaka.

— Na baba yake? aliuliza Nthenya.

— Alitoka upande wa Mbumbuni, alisema Syokau. Sijui kama mimi... Karani, wewe si unajua?

Nzomo hakujua. Alikuwa ameandika maelfu ya majina ya watu asiowahi kunywa nao hata maji, ya baba, ya mama, na ya kijiji, na hakuwahi kuacha mstari mtupu. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameketi bega kwa bega na Mwau, akajibu maswali yake yote, wala hakuwahi kumwuliza hilo moja.

— Mwaitu, alisema. Piga hiyo namba. Mwambie Mutindi ni mimi nataka kuongea na baba yake. Mwambie ni kuomba msamaha. Na uniulizie jina.

Syokau alipiga. Walimwona akisalimu, akatabasamu, akasema ni Karani hapa anamtaka Mzee. Kisha alisikiliza kwa muda mrefu akiwa amesimama, akiitikia "ii" kidogo kidogo. Mwisho akauliza jina kamili, kwa sauti ambayo hawakuizoea, akalirudia neno kwa neno ili Nthenya asikie, akakata simu. Aliwaambia kwamba Mwau hakuwa amenuna. Aliugua siku ile ile alipotoka kijiweni, binti yake akaja kumchukua, na simu yake ilibaki hapa nyumbani kwake, mlango ukiwa umefungwa.

Mwau Kasyoka Muindi, fundi wa matangi ya maji, umri wa miaka sitini na nane, alifariki Mbumbuni nyumbani kwa binti yake, Alhamisi hiyo saa kumi na mbili asubuhi.