Soksi Anasubiri Neno

MJUKUU: Haloo? Ni nani mwenzangu? Namba hii siijui.

BIBI: Ni mimi.

MJUKUU: Bibi! Shikamoo. Mbona—

BIBI: Marahaba, mama. Unanisikia? Simu yangu imegoma kuwaka. Fundi viatu wa hapa nje kanipa yake, kisha kajisogeza kando asinisikie ninachosema. Mtu ana adabu yule.

MJUKUU: Sauti yako vipi? Unaumwa?

BIBI: Mimi mzima. Wewe umekula?

MJUKUU: Nimekula. Bibi, hebu sema.

BIBI: Ni Soksi.

MJUKUU: Amekufa?

BIBI: Hajafa! Usitamke hivyo, mbwa wako amelala hapa miguuni pangu. Hajala, mama. Tangu asubuhi ile uliyopanda basi kwenda chuoni. Leo siku ya nne.

MJUKUU: Siku nne! Na hukuni—

BIBI: Ndiyo kwanza umeripoti. Nikasema atazoea.

MJUKUU: Maji je?

BIBI: Maji anakunywa. Daktari wa mifugo amekuja, kaja kwa miguu, pikipiki yake ina pancha. Kamfunua mdomo, fizi nyeupe kama karatasi. Homa ya kupe.

MJUKUU: Kupe! Si nilimwogesha ile dawa Jumapili?

BIBI: Ulimwogesha vizuri. Mmoja alijificha ndani ya sikio. Daktari kamchoma sindano, kaacha na vidonge. Sasa kasema vidonge bila chakula tumboni vitamtapisha, vitatoka vyote. Na asipokula mpaka kesho kutwa, basi.

MJUKUU: Basi nini?

BIBI: Kasema basi, akafunga mkoba wake. Sikumuuliza.

[mtandao unakwaruza]

MJUKUU: —homa inamkosesha hamu, Bibi. Mpe mchuzi wa—

BIBI: Siyo hamu. Nikiweka sufuria mate yanamchuruzika mpaka sakafuni. Anakaa kitako kama ulivyomfundisha, anaitazama, ananitazama. Anasubiri. Mimi nasema lile neno lako la kumruhusu, “Chako.” Wapi! Anageuza uso.

MJUKUU: Umemgusa kwanza kwenye paji la uso?

BIBI: Nimemgusa.

MJUKUU: Kwa mkono wa kushoto?

BIBI: Kushoto, kulia, yote miwili. Fundi viatu naye kapiga magoti pale akasema, “Chako, bwana mkubwa, chako.” Kaangaliwa kama mwizi. Daktari akajaribu kumsukumia uji kwa bomba la sindano, akabana meno, ukammwagikia kifuani. Hata kuulamba hakuulamba.

MJUKUU: Mungu wangu.

BIBI: Umemfundisha, mama. Umemfundisha haswa.

MJUKUU: Usinisifu, Bibi, tafadhali.

BIBI: Sikusifu wala sikulaumu. Ni mimi niliyetaka. Yule mbwa wetu wa kwanza aliporushiwa nyama ya sumu getini, nani alisema huyu wa pili asile kwa mtu ovyo? Si mimi?

MJUKUU: Ulisema asile kwa mtu ovyo. Hukusema asile kwako.

BIBI: Aa, sasa hayo—

MJUKUU: Ngoja, niache niseme. Unakumbuka ulipoleta fomu zangu za chuo? Ukasema, “Haya, nami nifundishe kumlisha kabla hujaondoka.” Nikakwambia bado hajakomaa, tukimchanganya atasahau yote.

BIBI: Nakumbuka.

MJUKUU: Nilikudanganya. Angeweza kujifunza kwako kwa wiki moja. Nilitaka... sijui. Nilitaka kuwe na mmoja asiyeweza bila mimi. ... Bibi? Upo?

BIBI: Nipo. Nilijua.

MJUKUU: Ulijua?

BIBI: Ulikuwa unafunga mlango wa jikoni ukimlisha. Anayefundisha mbwa hafungi mlango. Ningeweza kukukazania. Lakini ulikuwa unakuja mbio kila jioni kwa ajili ya sufuria yake, na mimi nakupata hapo hapo, tunaongea. Nikanyamaza.

MJUKUU: Bibi...

BIBI: Kwa hiyo tumelifanya wawili. Futa kamasi. Kuja huwezi?

MJUKUU: Nimeshamwomba matroni kurudi kuchukua cheti nilichosahau, akakataa. Wapya hawatoki mpaka mwezi uishe. Nikimwambia ni mbwa atanicheka.

BIBI: Atakucheka, ndiyo.

MJUKUU: Niweke kwenye spika. Nitasema mwenyewe.

BIBI: Spika iko wapi? Hiki cha... aa, hapana, nimewasha tochi.

MJUKUU: Kile kialama cha kipaza sauti, Bibi. Chini.

BIBI: Haya. Unasikika nyumba nzima. Sufuria iko mbele yake. Kichwa nimemgusa. Sema.

MJUKUU: Soksi! Soksi, chako!

BIBI: Ameinuka! Jamani, ameinuka, miguu inamtetemeka—

MJUKUU: Anakula?

BIBI: Amepita sufuria. Anaenda mlangoni. Soksi, njoo! ... Ametoka. Amefika getini, ananusa chini ya geti.

MJUKUU: Ananitafuta.

BIBI: Anakutafuta. ... Haya, anarudi. Ameangalia nyuma ya mlango, ameangalia chumbani kwako. Sasa kajilaza tena. Anahema sana. Usiseme tena lile neno, mama, litamuua kwa kutembea.

MJUKUU: Sasa nifanye nini? Bibi, nifanye nini mie huku?

BIBI: Ngoja, ngoja kwanza.

[mtandao unakwaruza]

BIBI: —ulikuwa unasema nini ukimlisha? Mle jikoni. Nilikuwa nasikia unasemasema peke yako.

MJUKUU: Nilikuwa nasoma masomo yangu kwa sauti. Yeye anakula, mimi nakariri.

BIBI: Basi kariri. Usimwite, usimwamuru. Kariri tu kama yupo hapo karibu yako.

MJUKUU: Nikariri nini?

BIBI: Wamekufundisha nini humo chuoni?

MJUKUU: Mifupa tu mpaka sasa.

BIBI: Leta mifupa. Simu naiweka chini kando ya sufuria. Fundi alisema niongee mpaka chaji iishe, lakini sijui imebaki kiasi gani.

MJUKUU: Haya. Fuvu. Taya la juu, taya la chini. Pingili za shingo, saba...

BIBI: Masikio yamesimama. Endelea.

MJUKUU: Mtulinga. Fupa la bega. Kidari. Mbavu, jozi kumi na mbili...

BIBI: Amesogea. Kaweka kidevu juu ya simu. Unasikia pumzi yake?

MJUKUU: Nasikia.

BIBI: Usilie, sauti inabadilika. Soma kama kawaida yako.

MJUKUU: Uti wa mgongo. Pingili za kifua, kumi na mbili. Za kiuno, tano...

BIBI: Ananusa sufuria. Mama, ananusa! Mdomo uko ukingoni kabisa—

MJUKUU: Amekula?

BIBI: Bado! Usinyamaze! Ukinyamaza naye anaacha, soma!

MJUKUU: Nyonga. Fupa la paj—

[mlio mfupi, simu imekatika]

BIBI: Haloo? ... Haloo, mama? ... Fundi! Fundi, njoo uitazame simu yako! ... Usinitazame hivyo, Soksi. Mimi sijui mfupa unaofuata.