Mbili za Ndama: Tunamkumbuka Akko Tiya wa Chechelesi

Salaam aleikum, wasikilizaji wapendwa. Na wewe wa habari za jioni, habari yako pia. Vuta kiti karibu na redio. Kama una chai ya maziwa ya ngamia mkononi, kunywa polepole, maana leo tunamkumbuka mwenye maziwa yake.

Akko Tiya Jarso ametutoka. Alifariki Jumanne iliyopita, nyumbani kwake Chechelesi. Akko ni nyanya kwa Kiborana, na Tiya alikuwa nyanya wa mji mzima, upende usipende. Aliuza maziwa ya ngamia hapa Isiolo zaidi ya miaka thelathini. Ngamia walikuwa wa kaka yake, kule upande wa Kipsing. Maziwa yalifika asubuhi kwa mitungi, yakinukia moshi ule mtamu wa kufukizia mitungi, na Tiya aliinua kila mtungi kwa mkono mmoja. Mizani hakuwa nayo. "Huu umepungua glasi mbili," angesema, na ole wako ubishe. Mimi nilibisha mara moja. Tukapima. Zilikuwa glasi mbili kamili, na sikuwahi kubisha tena.

Basi shikeni habari ya mkono huo, tutaurudia.

Mwaka ni 2015. Kaunti ingali changa, taa za barabarani zimewekwa juzi, kila mtu anaimba maendeleo. Shuleni nako maendeleo yalikuwa mitihani. Mtihani Jumatatu, mtihani Ijumaa. Kila jioni kazi ya nyumbani ya masomo manne. Manne, wasikilizaji! Na mitihani yenyewe ilinunuliwa huko mbali, ikauliza mambo ambayo mwalimu hajayafikia.

Tiya alikuwa akimlea mjukuu wake, Farhiya, wa darasa la saba. Jioni moja Farhiya akaangusha begi lake mlangoni. Tiya akaliinua kwa mkono ule ule. Hakujua kusoma hata herufi moja, lakini uzito aliujua. "Kumbe wanakubebesha mtungi mzima," akasema.

Farhiya hakucheka. Alisema, "Akko, mimi na shule basi. Nipeleke Kipsing nikachunge ngamia."

Tiya aliingiwa na hofu. Mama yake Farhiya alikuwa amesema maneno hayo hayo akiwa darasa la sita. Tiya alimkubalia, na hakujisamehe maisha yake yote. Farhiya ametuambia hivi: "Siku hiyo Akko hakunigombeza. Alinyamaza tu. Na Akko akinyamaza, ujue kuna mtu atajuta."

Wiki hiyo kulikuwa na mkutano wa wazazi. Wazazi walilalamika wee! Baba mmoja alisema mtoto wake analala na kijiko mdomoni. Mama mwingine akasema swali la hesabu lilimshinda yeye, likamshinda na shemeji yake aliye chuo kikuu. Mwalimu Njogu, aliyesimamia mitihani, akawajibu kwa upole. Shule yetu inashika mkia, alisema, na wastani haupandi bila jasho. Wengine wakapiga makofi. Hapo Tiya akasimama, wala hakuomba nafasi.

"Mwalimu, ngamia ana chuchu ngapi?"

Watu wakaanza kucheka. Njogu, mtoto wa wakulima wa Kirinyaga, akasema labda ni nne.

"Ni nne. Mbili tunakamua, mbili tunamwachia ndama. Ukikamua zote nne, ndama anakufa. Ndama akifa, mama yake anakausha maziwa. Sasa umebaki na nini?"

"Lakini Mama, kwetu ng'ombe tunamkamua zote nne."

"Ndiyo sababu ndama wenu mnawanywesha kwa ndoo! Huyu wangu nimnyweshe nini kwa ndoo, mwalimu? Usingizi?"

Lo! Mkutano uliishia hapo kwa kicheko. Njogu mwenyewe alicheka. Lakini kesho yake asubuhi alimfuata Tiya kwenye maziwa. Siku hizi amestaafu, na ametueleza kwa simu: "Nilienda kumwambia kwamba mambo ya elimu hayajui. Akanipa glasi ya maziwa, akaniuliza, huyu mtoto akienda Kipsing, kwenye wastani wako utamhesabu wapi? Nikamaliza maziwa, nikaondoka."

Muhula uliofuata, kazi ya nyumbani ikawa masomo mawili. Mawili tu. Mtihani ukawa mmoja kwa mwezi. Watoto wakauita utaratibu huo "mbili za Akko". Sitawadanganya, shule haikuwa ya kwanza. Ilikuwa katikati huko. Lakini Farhiya alibaki darasani, akamaliza, akasoma ualimu. Leo anafundisha hapa hapa mjini.

Sasa sikilizeni. Wiki mbili kabla ya kifo chake, Akko alikuwa kitandani. Farhiya alikaa kando yake akibana karatasi za kazi ya likizo, fungu moja kwa kila mwanafunzi. Akko akanyoosha mkono, akachukua fungu moja, akalipima kiganjani.

"Farhiya. Hii ni nne."

Yalikuwa masomo manne kweli. Farhiya akajitetea: "Shule ndiyo inataka, Akko. Wastani umeshuka."

"Na wewe ulitaka Kipsing," Akko akasema, akamrudishia fungu lake.

Farhiya anasema alilia. Kisha akachomoa pini moja baada ya nyingine, fungu baada ya fungu, Akko akimtazama. Watoto wa darasa lake wako likizo sasa. Kila mmoja ana masomo mawili.

Kwa Farhiya, kwa kaka wa marehemu kule Kipsing, na kwa akina mama wote wa maziwa, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Mungu amrehemu Akko Tiya na ampumzishe pema.

Nawe mzazi, nawe mwalimu, shule zikifunguliwa, mtoto akifika nyumbani jioni, usimuulize kwanza amepata ngapi. Inua begi lake kwa mkono mmoja.