Namba Aliyopewa Gibson

Benchi letu liko Satwa, Dubai, ubavuni mwa kafteria ya Hashir, kati ya duka la washonaji na gereji ya matairi. Ni ubao mrefu uliowekwa juu ya kreti za soda, na Jumapili alasiri, ghorofa la mbele likishaziba jua, huwa ni mali yetu. Mimi ni Wilbard, fundi wa viyoyozi, hapo naitwa Fundi. Jotham, Mkenya wa Kimilili anayelinda mall kule Al Barsha, ni Redio, maana hakuna habari isiyopitia kwake kwanza. Deus, Mtanzania mwenzangu wa Bukoba, anaendesha gari la dobi, na kwa kupenda kueleza vita tulimpa cheo cha Jenerali, ingawa hajawahi kushika hata rungu. Wa nne alikuwa Gibson, mlinzi mwenzake Jotham, mtu wa kucheka kabla hajamaliza stori yake mwenyewe. Mwezi wa tisa alipanda ndege kwenda Urusi kulinda ghala. Alhamisi moja ya Januari Jotham alitupigia simu mmoja mmoja: Gibson ameuawa vitani.

Jumapili iliyofuata tulikaa bila kusalimiana. Hashir alileta kahawa bila kuitwa. Pembeni alikuwepo Evans, kijana anayebandika vigae kule Silicon Oasis, aliyeanza kuja kijiweni mwezi wa kumi na moja.

— Ghala! Jotham akaanza. Msee ameambiwa ghala. Kufika huko wamechukua pasipoti, wamempa karatasi ya Kirusi asaini, wiki mbili za mafunzo, yalla, mbele! Ghala gani iko na mahandaki?

— Tulia kwanza, Redio, Deus akasema. Vita vile lazima uvielewe vilianzia wapi. Ni gesi. Ulaya inapikia gesi ya Mrusi. Ukishika bomba la jikoni kwa mtu, umemshika yeye.

— Wacha hizo, Jotham akasema.

— Gesi na ngano. Mkate unaokula hapa Satwa unatoka kule. Wakubwa walikaa, wakasema nani atalisha dunia, wakashindwa kuelewana. Basi.

— Hawakushindwa kuelewana, nikasema mimi. Mmoja alivuka mpaka wa mwenzake na vifaru. Sisi wa Kagera hilo hatuhitaji kuelezwa. Mwaka sabini na nane babu yangu alikimbia na mgomba wake ukiwaka, akarudi na bunduki. Lakini babu alijua ni shamba la nani analirudia. Gibson alikuwa anarudia shamba la nani?

Nilikuwa nasema kwa hasira ambayo nusu yake ilikuwa juu yangu mwenyewe. Ni mimi niliyembebea Gibson begi mpaka uwanja wa ndege. Nilimwambia akipata nafasi aniletee koti zito la kule. Alicheka sana. Utalivaa wapi Dubai, akaniuliza.

— Fundi hajui, Deus akaendelea, sauti inapanda. Mipaka ni kisingizio. Vita vile ni maonyesho. Watengeneza droni wanajaribu mali yao. Mnunuzi anakaa ofisini anatazama kwenye skrini, anasema hii nzuri, ile mbovu.

— Kwa hivyo Gibson alikuwa kitu cha kujaribia droni? Jotham akauliza.

— Nakueleza jinsi dunia ilivyo!

— Na vikiisha? Evans akauliza kwa sauti ya chini. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo.

— Vikiisha watashikana mikono, watapiga picha, kisha watatuita sisi tukabebe zege. Miji yote ile iliyobomoka nani atajenga? Ndiyo maana wanabomoa. Na hiyo bado ni ndogo. Kubwa kuliko zote ni baridi.

— Baridi gani tena? nikauliza.

— Dunia inachemka, kaka. Miaka hamsini ijayo hapa tulipo hapakaliki. Matajiri wote watahamia kule kwenye theluji. Wanapigania baridi! Wameshaipima, wameshaigawa!

Miaka tisa nashinda juu ya mapaa ya watu nawatengenezea baridi, nikatazama kikombe changu nisijue nicheke au nimtupie. Jotham hakucheka. Alisimama, bado amevaa suruali ya kazi yenye mstari pembeni.

— Jenerali, nyamaza. Manze, nyamaza kabisa. Tangu nimekaa hapa umetaja gesi, umetaja mkate, umetaja theluji. Umetaja kila mtu duniani. Gibson umemtaja mara ngapi?

— Mimi nalia kwa njia yangu.

— Hiyo si kulia. Hiyo ni kupiga kelele.

Hapo ndipo alipotokea mwanamke amevaa sare ya kijivu ya wahudumu wa vyumba hotelini. Jotham alimwona kwanza, akanyoosha shati.

— Pauline. Pole sana, sister. Karibu.

Sisi wengine akatuambia: huyu ndiye dada yake Gibson, wa tumbo moja. Hashir alitoa kiti cha plastiki ndani, akakipangusa kwa mkono, akampa kahawa. Pauline alikaa. Hakuigusa.

— Nimeomba supavaiza masaa mawili, akasema. Sitakaa. Kuna Mganda mmoja alikuwa na yeye huko. Ako hospitali, amekatwa mguu. Alinipigia usiku wa kuamkia Alhamisi. Anasema walitumwa watatu kuvuka uwanja wazi kufuata maiti ya mtu mwingine. Gibson alimuuliza mkubwa wao kwa Kiingereza kwa nini waende mchana. Mkubwa hakuelewa Kiingereza. Wakaenda mchana.

Kule gereji mtu alikuwa anagonga rimu kwa nyundo, akaacha.

— Droni iliwakuta katikati. Mwili hawajarudisha. Ubalozi wanasema wanafuatilia. Mama ananiuliza achimbe kaburi ama asichimbe, na mimi sijui nimwambie nini.

— Mungu ampumzishe, Deus akasema haraka. Unajua, dada, haya mambo ya mataifa makubwa...

— Sijakuja kwa sababu ya mataifa, akamkata. Gibson hakuwa anajua mtu Urusi. Alikuwa anajua nyinyi. Aliniambia, "Namba ya wakala nimepewa na watu wangu wa Satwa." Nataka kujua ni nani.

Tulitazamana. Mimi sikuwa nimempa. Jotham alitikisa kichwa, akaapa kwa jina la mama yake. Deus alikuwa anazungusha kikombe kitupu.

— Watu wengi hupita hapa, Deus akasema. Namba inaweza kutoka popote.

Pauline akatoa simu, akasoma namba ile pole pole, tarakimu moja moja. Kabla hajamaliza, Evans akazisema za mwisho tatu. Alizisema kwa kichwa, kama mtu anayesema namba yake mwenyewe.

— Umeijuaje? nikamuuliza.

Uso wa Evans ulikuwa umegeuka rangi ya jivu.

— Nasafiri Jumanne kwenda Urusi, akasema. Kiwanda cha plastiki. Pasipoti yangu iko kwa huyo wakala. Nilipewa namba kabla ya Krismasi. Na Alhamisi, habari ya Gibson ilipokuja, nilimuuliza aliyenipa. Akaniambia Gibson alijitakia, alijiandikisha jeshi mwenyewe, mimi naenda kiwandani, nisiogope.

— Nani alikuambia hivyo?

Evans aligeuza macho, na sisi tukayafuata mpaka kwa Deus.

Jotham alimrukia akamkamata kola. Kikombe kilianguka kikavunjika. Nilimshika Jotham kiunoni, na nakiri sikumshika kwa nguvu zangu zote.

— Jumanne! Jotham alikuwa anapiga kelele. Umejua tangu Alhamisi na bado unampeleka Jumanne!

— Nilitaka kuwasaidia! Visa zinaisha, kafeel waliotudhamini hawajali, mtu anakuja kwangu analia, nifanyeje? Mimi sikuanzisha vita! Waliovianzisha mbona hamwendi kuwakaba wao?

— Mwache, Pauline akasema.

Jotham akaachia. Pauline alisogea mbele ya Deus. Hakupaza sauti. Alimtazama kama mtu anayetaka kweli kujua.

— Kama kazi ilikuwa nzuri hivyo, wewe mbona hukwenda?

Deus alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta: gesi, ngano, droni, theluji. Hashir, ambaye Kiswahili chake ni cha kuuzia chai tu, alisimama mlangoni na sinia akisubiri jibu kama sisi.

Kisha Pauline akamgeukia Evans.

— Huyo wakala ofisi yake iko wapi?

— Deira.

— Simama twende tuchukue pasipoti yako.

Jotham akatangulia barabarani kusimamisha teksi. Mimi niliingia nyuma na yeye na Evans, magoti yetu yakigongana. Pauline, aliyekaa mbele, alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya sare yake.